São João mtaani Campina Grande: mahindi mangapi, pamonha zisipasuke, moto wa barabarani na quadrilha ya jozi 12

MsafiriParaiba

Wakuu, habari za jioni. Tuko Campina Grande, jimbo la Paraíba, kaskazini-mashariki mwa Brazil, wanafunzi wachache kutoka Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo. Mtaa tunaoishi unaandaa arraial, yaani sherehe ya mtaani, ya São João (Mtakatifu Yohana) usiku wa tarehe 23 Juni, wageni kama 80. Kamati imetukabidhi meza ya vyakula vya mahindi, kuni za moto, na jozi sita kati ya 12 za quadrilha, ngoma ya jozi inayochezwa kwa amri za mwongozaji. Naomba msaada kwa wanaoijua shughuli hii.

Kwanza, mahindi mabichi tununue mangapi, na lini? Sokoni yanauzwa kwa "mão" na kila muuzaji ana hesabu yake.

Pili, pamonha za majaribio (rojo la mahindi mabichi lililofungwa kwenye maganda yake na kuchemshwa) zinapasuka sufurini, na zisizopasuka ndani ni uji mtupu. Kosa liko wapi?

Tatu, moto utawashwa mbele ya nyumba, juu ya lami. Tuupangeje?

Nne, jozi zetu sita hazijui amri hata moja ya quadrilha na zimebaki wiki mbili.

Nyongeza: wenzetu kadhaa ni Waislamu. Kuna quentão, kile kinywaji cha moto cha tangawizi na viungo, isiyo na kilevi?

JikoLaAgreste

Nianze na mahindi kwa sababu ndiyo sherehe yenyewe. Mkulima wa Nordeste, yaani kaskazini-mashariki mwa Brazil, hupanda akiitazama tarehe 19 Machi, siku ya Mtakatifu Yosefu. Mvua ikishanyesha kufikia hapo, anatia mbegu. Kutoka siku hiyo hadi mkesha wa São João ni siku 96, na hindi limefika hali ya kuliwa bichi. Ukikuta meza nzima ni mahindi, sababu ni hiyo. Mwaka wa ukame meza hubaki vilevile, ila bei ndiyo inayopaa.

Hesabu: mão moja kwa majimbo ya Paraíba na Pernambuco kwa kawaida ni mahindi 50. Sehemu nyingine za Brazil ni 60 au zaidi, kwa hiyo muuzaji aliyetoka mbali anaweza kuwa na mão yake. Uliza idadi kabla ya kuuliza bei. Kwa wageni 80 panga hivi: pamonha 60 za ukubwa wa kati zinakula mahindi 75, canjica (uji mzito wa mahindi mabichi) ya vikombe vidogo 80 inakula 45, ya kuchoma na kuchemsha weka 30, yakatwe vipande viwili. Jumla 150, yaani mão tatu.

Nunua alfajiri ya tarehe 23 yenyewe, au jioni ya tarehe 22 ukishindwa kabisa. Hindi likishavunjwa shambani sukari yake inaanza kugeuka wanga, na joto linaharakisha. Usiyarundike kwenye gunia usiku kucha, maana katikati ya rundo hupata joto. Yatandaze kivulini yakiwa na maganda yake.

Sasa kupasuka na kubaki uji. Hayo ni makosa mawili tofauti.

Uji unatokana na hindi lenyewe au na maji. Toboa punje kwa ukucha: ikitoa maji yanayong'aa, hindi ni changa mno na halina wanga wa kutosha kugandisha, ikitoa maziwa mazito, ndilo, ikiwa ni unga mkavu unaobaki kwenye ukucha, limepita, na pamonha itakuwa ngumu kama sabuni. Pia hakikisheni si yale mahindi matamu ya supermarket yanayouzwa yamemenywa kwenye trei. Hayo yamezalishwa kwa ajili ya sukari, wanga wake ni kidogo, na hata uyachemshe saa mbili hayatashikana. Ya kopo vilevile hayafai. Mnayotaka ni ya shambani, jamii ileile ya mahindi ya kuchoma ya Dar au Nairobi.

Vipimo vya mão moja (mahindi 50, yanatoa pamonha 40 hivi): tui zito la nazi lita 1, sukari kilo 1.5, siagi iliyoyeyushwa gramu 150, chumvi kijiko kimoja kikubwa, nazi mbili zilizokunwa ukipenda. Punje zikisagwa kwa blenda, tui hilohilo ndilo la kusaidia kusaga, usiongeze maji juu yake. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: blenda inakwama, mtu anamimina kikombe cha maji, kisha kingine. Rojo sahihi hutiririka polepole kutoka kwenye upawa. Likimwagika kama maziwa, umeshachelewa, na dawa yake ni kuongeza punje nyingine zilizosagwa kavu.

Pitisha kwenye chekecheke ya matundu makubwa ili makapi ya punje yabaki juu. Rojo likikaa, wanga huzama chini, kwa hiyo koroga kila unapochota. Usipokoroga, pamonha za mwanzo zitakuwa maji na za mwisho jiwe, zote kutoka beseni moja.

Kupasuka kunatokana na ganda na kamba. Kata hindi kuzunguka kitako kwa kisu kikali, maganda yatoke mazima. La nje kabisa tupa, linachanika. La ndani kabisa ni jembamba mno. Ya katikati ndiyo ya kazi. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka nusu dakika yalainike. Kunja moja liwe kikombe, jaza, acha vidole viwili juu, funika kwa la pili likitazama upande wa pili, kisha funga kiunoni kwa uzi wa ganda au kamba ya pamba. Usijaze hadi ukingoni: rojo linatanuka likiiva na litatafuta njia ya kutokea. Kamba ikaze bila kukata ganda. Wenye mkono wa kazi hushona mifuko ya maganda kwa sindano, lakini kwa wiki mbili msijisumbue.

Sufuriani tandika magunzi chini, jaza maji, tia chumvi kidogo, na subiri yachemke kwa nguvu kabla ya kutumbukiza ya kwanza. Maji ya uvuguvugu hulowesha rojo kabla halijaganda na linavuja lote. Zisimamishe mdomo juu, chache chache ili mchemko usikatike. Dakika 40 hadi 60, hadi ganda litoke kijani liwe la manjano. Zitoe, zichuje maji, na muda wa dakika 20 asizifungue mtu. Pamonha ya moto sana hudanganya, huonekana mbichi kumbe inasubiri kutulia.

Jambo la mwisho: rojo haliwezi kulala. Mahindi yaliyosagwa huchacha ndani ya saa chache, hasa jikoni penye joto. Saga, funga, chemsha, siku hiyohiyo.

CurauPaulista

Ndugu JikoLaAgreste amemaliza pamonha. Naongezea tahadhari kwa atakayetafuta mapishi mtandaoni: canjica mnayoiona hapo Campina Grande, ule uji mzito wa mahindi mabichi unaokatwa kwa kisu ukipoa, huku São Paulo unaitwa curau. Na canjica ya São Paulo ni punje nyeupe zilizokobolewa zikapikwa na maziwa, ambayo hapo kwenu inaitwa mungunzá. Pé de moleque nayo ina balaa hilohilo: huku ni karanga zilizogandishwa kwa sukari guru, Pernambuco na Paraíba ni keki nyeusi ya mihogo iliyovundikwa, yenye korosho juu. Angalieni picha kabla ya kununua viungo.

Canjica ya kwenu kwa mahindi 8: saga na maziwa au tui lita 1, chuja kwa kitambaa, sukari gramu 200, chumvi chembe, siagi kijiko. Koroga ikiwa bado baridi, ndipo uweke motoni, na usiache mwiko hata mara moja. Vipande vikijitokeza ni kwa sababu iliguswa na moto kabla ya kukorogwa. Ikianza kuwa nzito usishangilie, ipe dakika 20 zaidi kwa moto mdogo, la sivyo inabaki na ladha ya wanga mbichi. Ikishika chini, usikwangue: hamishia sufuria nyingine na uache ukoko ulipo. Mdalasini wa unga juu. Kama mahindi ni machanga, vijiko viwili vya wanga wa mahindi kwenye maziwa baridi vitakuokoa.

JikoLaAgreste

Wanga wa pakiti hapana. Mimina nusu ya maziwa wakati wa kusaga, chuja, kisha rudisha makapi kwenye blenda na nusu iliyobaki, ukamue tena, kama tui la kwanza na la pili. Wanga mwingi unabaki kwenye makapi na watu wanautupa. Ukikamua mara mbili canjica inaganda yenyewe na haina ule utelezi wa gundi.

CurauPaulista

Kwa mahindi mazuri nakubali. Kwa mahindi aliyouziwa mgeni saa tatu usiku, wanga wa pakiti ubaki kabatini karibu.

Mungunzá niliisahau. Gramu 500 za punje nyeupe zinatosha watu 10 hadi 12, basi kwa meza yenye vyakula vingine kilo 2 zinatosha. Loweka kuanzia usiku wa 22, saa 8 hadi 12. Kwenye sufuria ya presha usivuke nusu, kwa sababu povu la wanga huziba valvu. Dakika 40 hadi 50. Sukari, maziwa, tui, karafuu na mdalasini vinaingia punje zikishalainika. Ukitia sukari mwanzoni utapika hadi São Pedro, tarehe 29, na punje bado zitakuwa zinapambana na meno. Mliokulia makande mnazijua punje hizi, ila hapa ni kitamu, ingawa upande wa Ceará wapo wanaoipika ya chumvi na nyama.

MkaaNaMajivu

Moto. Kwanza ulizeni halmashauri ya mji, prefeitura, na kikosi cha zimamoto kama barabara yenu inaruhusiwa. Sheria hubadilika mji hadi mji, na mwaka 2020 miji mingi ya Nordeste iliizima kabisa mioto ya São João kwa ajili ya wagonjwa wa mapafu wakati wa corona. Hata ikiruhusiwa, pitieni nyumba za jirani: pakiwa na mwenye pumu au mtoto mchanga, moto usogee upande ambako upepo hautampelekea moshi.

Lami haibebi moto. Inalainika, inatoa harufu mbaya, na asubuhi kuna shimo. Mwageni mchanga unene wa sentimita 10, upana uzidi moto nusu mita kila upande. Angalieni juu: kusiwe na nyaya za umeme, kusiwe na kamba za bendera.

Umbo. Simulizi la mioto hii ni kwamba Elisabeti alikoka moto mlimani kumjulisha Maria kuwa Yohana amezaliwa. Kila mtakatifu wa Juni akapewa umbo lake: Santo Antônio, tarehe 13, mraba, São João, tarehe 24, mviringo unaochongoka juu, São Pedro, tarehe 29, pembetatu. Ule wa mviringo ni mzuri kwa macho: magogo yanaegemezwa kuzunguka nguzo moja. Shida yake, nguzo ya kati ikiungua magogo huangukia popote. Kwa barabara yenye watoto mimi ningepanga mraba hata kama wazee watanung'unika: magogo mawili sambamba, mawili juu yake yakikingama, endelea hadi urefu wa mita 1, katikati jaza vijiti vikavu. Mnara huo ukiungua unabomokea ndani. Ukitazama mitaani hapo utaona wengi wanafanya hivyo usiku wa São João bila kujali kanuni ya maumbo.

Kuni: msikate miti ya asili ya caatinga, ile nyika kame ya Nordeste, na msinunue kwa mtu asiye na kibali cha mazao ya misitu. Tafuteni algaroba. Ni mti wa kigeni ulioletwa Nordeste miaka ya 1940 kwa chakula cha mifugo ukaenea kupita kiasi, ni uleule ambao Baringo, Kenya, wanauita mathenge. Ukikauka unatoa makaa mazito yanayodumu usiku kucha. Magogo kama 20 ya mita 1, unene wa mkono wa mtu mzima hadi paja, yanatosha.

Kuwasha: karatasi na vijiti vikavu chini, basi. Spiriti ya dukani ni marufuku kabisa. Mtu anaona moto unafifia, anamimina kutoka kwenye chupa, ndimi za moto zinapanda na mkondo hadi mkononi. Kila Juni hospitali za Nordeste hupokea majeruhi wa aina hii. Matairi nayo hapana, mahindi yatachomwa hapohapo. Na hindi huchomwa kwenye makaa, si kwenye ndimi: subirini saa mbili hadi tatu tangu kuwasha, kisha vuteni makaa pembeni kwa koleo.

Ndoo mbili za maji na mtu mmoja asiyecheza, asiyekunywa. Mwisho maji, si mchanga: makaa yaliyofukiwa hukaa moto hadi kesho yake, na watoto huja kuyakanyaga.

Vibaluni vya karatasi vyenye moto ndani msivirushe hata mzee gani akiviomba. Sheria ya mazingira namba 9.605 ya mwaka 1998, kifungu cha 42, inaadhibu kuvitengeneza, kuviuza, kuvisafirisha na kuvirusha: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, au faini, au vyote.

Jirani akiwashika mkono mzunguke moto pamoja huku akisema maneno ya ucompadre, jueni anawaomba undugu wa moto. Watu wa umri fulani hawalichukulii kama mchezo, wataendelea kukuita compadre miaka yote. Na mkiona baadhi ya nyumba zinawasha tena tarehe 29, mara nyingi ni za wajane au za akina Pedro.

MsafiriParaiba

Asanteni sana. Algaroba tumeipata. Quentão bado, na quadrilha ndiyo inatutoa jasho: mwongozaji anapiga kelele "alavantú" na nusu ya watu wanarudi nyuma.

PembeniMwaArraial

Quentão isiyo na kilevi kwa lita 8, yaani kikombe cha ml 100 kwa kila mgeni: sukari kilo 1.6, tangawizi gramu 400 iliyokatwa vipande vyembamba, vijiti 12 vya mdalasini, karafuu 30, maganda ya machungwa 5, ndimu 4. Yeyusha sukari pekee hadi iwe rangi ya asali, mimina maji ya moto polepole ukiwa umegeuza uso, maana itaruka. Sukari itaganda kwanza, usiogope, itayeyuka tena. Tia viungo vyote isipokuwa ndimu, chemsha dakika 15, chuja, kamua ndimu. Maganda ya chungwa yamenywe bila ule utando mweupe, na karafuu zisizidi, vyote viwili huleta uchungu. Wanaotaka cachaça, pombe kali ya miwa, wawe na sufuria yao na upawa wao, mwisho mwingine wa meza. Na pamonha za chumvi za mtindo wa Goiás, mkiletewa, ulizeni: mara nyingi ndani kuna soseji ya nguruwe.

MarcadorMsaidizi

Quadrilha. Ngoma hii ilifika Brazil na jumba la kifalme karne ya 19 ikiwa ya Kifaransa, ndiyo maana amri zake zinasikika ngeni hata kwa Wabrazili. Hamhitaji zote. Kwa wiki mbili fundisheni hizi tu, kwa mpangilio huu:

Alavantú, au anavan: mbele. Anarriê: nyuma. Hizi mbili ndizo zinazochanganywa, kwa hiyo mazoezi ya kwanza yawe ya hizo peke yake, safu mbili zikitazamana, wanaume huku, wanawake kule, hatua nne mbele, nne nyuma, robo saa nzima bila muziki. Balancê: kuyumba papo hapo. Tur: kuzungushana na mwenzi wako.

Kisha caminho da roça, jozi zikiongozana kuzunguka uwanja. Hapo mwongozaji, yaani marcador, anaanza utani. "Olha a chuva!", mvua inakuja, wote wanageuka kurudi. "Já passou!", imepita, wanageuka tena. "Olha a cobra!", nyoka, wanawake wanaruka na kupiga kelele. "É mentira!", uongo, safari inaendelea. Kugeuka kuna kanuni moja: kila mtu ageuke kuelekea kwa mwenzi wake. Wakigeukia nje viwiko vinagongana na mstari unakatika.

Handaki, túnel: jozi ya kwanza inasimama na kuinua mikono, ya pili inapita chini yake na kusimama mbele yake hatua moja, na kuendelea. Jozi ya 12 ikishasimama, ya kwanza inashusha mikono na kupita chini ya wote, nyingine zikiifuata. Handaki la jozi 12 linahitaji mita 12 za urefu. Wekeni warefu mwanzoni na mwisho, na kofia za majani zishikwe mkononi, la sivyo zitabaki njiani na kukanyagwa.

Konokono, caracol: hapa ndipo quadrilha nyingi za mtaani zinapofia. Duara kubwa limeshikana mikono, kiongozi anaachia mkono mmoja na kuingia ndani akizunguka. Aache nafasi ya mita moja na nusu kati ya mzunguko na mzunguko, kwa sababu atarudi kupitia nafasi hiyohiyo. Akikaza mno anajifungia katikati na hana pa kutokea. Na yule wa mwisho mkiani asisimame. Akisimama mnyororo unavutana na mtu wa katikati anaanguka. Kiongozi na wa mkiani wawe wenyeji wanaojua, ninyi wageni mkae katikati, mnafuata tu. Watu 24 wakishikana mikono duara lina kipenyo cha mita 9 hivi, kwa hiyo uwanja wa mita 12 kwa 12 ndio wa chini kabisa.

Marcador aite amri mapigo manne kabla ya kifungu cha muziki kuisha. Akiita muziki ukishageuka, kila mtu atachelewa na lawama zitawaangukia wageni.

Mbele ya ngoma kuna casamento matuto, harusi ya maskhara: bibi harusi mjamzito, bwana harusi anayetoroka, baba mwenye bunduki ya mbao, mkuu wa polisi, padri. Dakika 10 zinatosha, ikizidi hapo chakula kinapoa. Wahusika wenye mistari wawe wenye Kireno cha haraka, kwa sababu kicheko chote kiko kwenye majibu ya papo kwa papo.

Mavazi: gauni la chita, pamba ya maua makubwa, shati la mirabaraba, kofia ya majani. Wengine hupaka meno rangi nyeusi na kushona viraka vya bandia. Watu wengi wa vijijini wameshachoka kuigizwa kama vibogoyo wasio na nguo, nami naona wana haki. Meno yaacheni meupe. Sketi za nailoni msizikaribishe motoni.

NgoziNaMshipa

Nyongeza ya muziki. Trio ya forró, muziki wa dansi wa Nordeste, ni akodiani, zabumba (ngoma kubwa) na pembetatu ya chuma, muundo aliousimika Luiz Gonzaga wa Exu, Pernambuco. Mkialika wanamuziki, waambieni wazi quadrilha inataka arrasta-pé, ile ya haraka. Xote ni ya kucheza wawili wawili polepole baadaye. Ikipigwa kwenye caracol watu wanajikokota. Zabumba ya ngozi hulegea kwenye unyevu, na Juni Campina Grande ni mvua na baridi, kwa hiyo ikaushwe kwa joto la mbali la moto, mita tatu au nne, kabla ya kukazwa. Ikikazwa mbichi kisha ikauke, ngozi inapasuka.

Mvua hiyohiyo inaua bendera za karatasi laini, rangi inachuruzika hadi kwenye mashati. Chini ya paa tumieni karatasi: tabaka la sentimita 48 kwa 60 linatoa bendera 9 za 16 kwa 20, na kamba ya mita 10 inabeba 50 zikiachana sentimita 4, yaani matabaka 6. Nje tumieni plastiki au vitambaa vilivyobaki kwa fundi.

MtaaWaAlfama

Huku Lisbon usiku mkubwa ni wa tarehe 12 kuamkia 13, wa Santo António, dagaa wakubwa wa kuchoma na vyungu vya manjerico, jamii ya mrihani. Porto ndio wenye usiku wa 23 kama ninyi, wanagongana vichwani kwa nyundo za plastiki. Mahindi hayana nafasi huku. Akija Mreno kuwaambia mnakosea, mpeni pamonha.

MsafiriParaiba

Tumeelewa. Swali la mwisho, siku yenyewe tupange saa vipi? Jiko ni moja, plate nne.

JikoLaAgreste

Tarehe 22 usiku: loweka punje za mungunzá, kata maganda yoyote utakayopata, andaa uzi. Tarehe 23 saa kumi na moja alfajiri sokoni. Saa mbili asubuhi watu sita wamenye na kung'oa ndevu, hiyo ndiyo kazi ndefu kuliko zote. Kuanzia saa nne pamonha zinaingia sufurini kwa mafungu, plate mbili kubwa ni zake hadi saa nane. Mungunzá ichukue plate ya tatu asubuhi, inastahimili kupashwa moto. Canjica ianze saa saba kwenye ya nne, ipate saa tatu za kupoa kwenye sahani, ikipakuliwa mapema inamwagika. Quentão mwisho, saa kumi na moja jioni.

Jua la Juni hapo huzama saa kumi na moja na kidogo, moto uwashwe wakati huohuo. Makaa yatakuwa tayari saa mbili usiku, quadrilha ianze hapo, na yale mahindi 30 yaende motoni wakati wa harusi ya maskhara, si kabla, la sivyo wachezaji wenu watakuta magunzi.